Kituo Kidogo na Lugha ya Wenyeji: Uhakiki wa Runinga kwa Mtazamaji wa Bofu

1. Utangulizi

Uhakiki wa Kiswahili umezoea kushughulikia riwaya, tamthilia na ushairi, yaani kazi zilizochapishwa na kufungwa katika majalada. Televisheni imeachiwa zaidi wataalamu wa mawasiliano, ambao huhesabu saa za matangazo na idadi ya watazamaji, lakini ni nadra wakauliza lugha inayosikika humo imepewa kazi gani. Hivyo basi sanaa ya maneno inayoingia kila jioni katika nyumba ambazo hazina riwaya hata moja imebaki karibu bila ya mhakiki.

Makala haya yanakusudia kuizungumzia runinga kama suala la lugha. Mtazamaji anayefikiriwa humu ni yule wa Bofu, wadi mojawapo ya eneo bunge la Likoni, ng'ambo ya kusini ya kivuko cha Mombasa. Kutoka Bofu hadi kisiwani ni masafa mafupi, lakini katikati pana maji, na kila anayevuka hulijua jambo hilo. Mwaka 2021 watu wa miguu walipata daraja la kuelea lililounganisha Liwatoni na Ras Bofu. Wengi wengine waliendelea kupanga foleni ya feri. Katika foleni hiyo hukutana Waswahili wa Thelatha Taifa, Wadigo na Wamijikenda wengine, pamoja na watu wa bara waliofuata kazi za bandari. Kimvita, Chidigo na Kiswahili cha bara husikika katika hatua chache. Kwa sababu hiyo Bofu ni mahali pafaapo pa kuulizia swali hili: runinga ya wenyeji ni ipi? Ni ile ambayo mlingoti wake uko karibu, au ni ile ambayo ulimi wake uko karibu?

Dai la makala haya ni kwamba ukaribu wa kituo na watu wake hupimwa kwa kazi ambazo lugha yao imepewa. Pale ambapo lugha ya wenyeji inaruhusiwa kuchekesha na kulia mapenzi, lakini haitumiwi kutoa habari, kulaumu na kuamua, kituo kimeigeuza kuwa pambo. Ili kulithibitisha dai hilo itafaa kuanza mbali kidogo, kwa watu wengine ambao nao walitafuta kituo kidogo cha lugha yao.

2. Kurudufu na kutunga: mfano wa Kihispania

Nchini Marekani kuna mamilioni ya watu ambao lugha yao ya nyumbani ni Kihispania. Mwaka 1946 Raúl Cortez alianzisha redio ya KCOR katika mji wa San Antonio, Texas, na mwaka 1955 akaongeza televisheni, KCOR-TV, iliyotangaza kwa Kihispania. Kituo hicho kilipewa chaneli ya 41, katika mawimbi ambayo seti nyingi za siku hizo hazikuweza kuyapokea. Mtazamaji alilazimika kununua kifaa cha ziada ili asikie lugha ya mama yake. Kizuizi cha ufundi kilikuwa pia kizuizi cha lugha, kwa kuwa chaneli za mawimbi yaliyo rahisi kupokelewa zilikuwa mikononi mwa Kiingereza. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 kituo kiliuzwa, na kutokana nacho ukakua mtandao ambao baadaye uliitwa Univision.

Mfano wa pili ni wa kisheria. Kwa muda mrefu miji midogo na mabonde yaliyozibwa na milima ya Marekani yalihudumiwa na mitambo ya kurudufu: mtambo ulipokea mawimbi ya kituo cha mbali na kuyarusha tena katika chaneli nyingine, bila ya kuongeza neno lolote. Mwaka 1982 tume ya mawasiliano ya nchi hiyo ilianzisha leseni ya televisheni ya nguvu ndogo. Mtambo ulibaki mdogo, na haukuruhusiwa kuviingilia vituo vikubwa, lakini mwenye leseni sasa aliweza kutayarisha vipindi vyake mwenyewe. Wasemaji wa Kihispania walikuwa miongoni mwa walioitumia nafasi hiyo katika miji mbalimbali.

Tofauti ya mtambo unaorudufu na kituo kinachotunga ndiyo nguzo ya hoja ya makala haya. Wa kwanza ni sikio lililounganishwa na kipaza sauti. Cha pili ni kinywa. Hata hivyo leseni peke yake haimfanyi mtu kuwa na la kusema. Vituo vingi vya Kihispania vya nguvu ndogo viliishia kuvuta vipindi vya mitandao mikubwa, Univision na Telemundo, vilivyotengenezwa Miami au Mexico, na kubakisha dakika chache tu kwa mambo ya mji wenyewe. Lugha ya vipindi hivyo nayo ilichujwa ili isimkere Mmeksiko, wala Mkuba, wala mtu wa Puerto Rico, na katika kuchujwa huko ikapoteza harufu ya mahali. Kwa hiyo kituo kinaweza kutumia lugha ya watu na bado kikawa mrudufu. Funzo hili linaihusu Mombasa moja kwa moja.

3. Mombasa: sauti iliyopatikana na sauti iliyofunikwa

Historia ya Kiswahili sanifu ina kejeli moja ambayo watu wa Mombasa hawajaisahau. Mwezi wa Juni 1928 mkutano uliofanyika Mombasa penyewe ulikubali Kiunguja kiwe msingi wa lugha sanifu, na Kamati ya Lugha ya nchi za Afrika Mashariki ikaanza kazi yake tarehe 1 Januari 1930. Kimvita, ambacho wamisionari wa Mombasa walikuwa wamekichapia vitabu na kukitetea, kikaachwa nje ya mlango katika mji wake. Hapana haja ya kuulaumu usanifishaji wote. Bila ya huo, shule na magazeti ya nchi kadhaa yasingekuwa na lugha moja ya kuandikia. Ila ni lazima itambuliwe kwamba tangu hapo kila chombo kilichoendeshwa na serikali kilikuwa na sababu iliyo tayari ya kutomsikiliza msemaji wa Kimvita kama alivyo.

Redio ilileta nafuu ya muda. Katika miaka ya 1940 Mombasa ilipata kituo chake, Sauti ya Mvita, kilichotangaza kwa Kiswahili na Kiarabu. Kilikuwa kituo kidogo, na serikali ya kikoloni ilikuwa na malengo yake katika kukilea, hasa baada ya Cairo kuanza matangazo ya Kiswahili mwaka 1954 na kuwafikia wasikilizaji wa pwani kwa maneno ya kuupinga ukoloni. Hata hivyo, kwa lugha, kituo hicho kilikuwa mtunzi: sauti za mji zilisikika zikizungumza na mji. Utangazaji ulipounganishwa kitaifa, sauti hiyo nayo ikaingizwa ndani ya chombo cha nchi nzima.

Televisheni ilianza Nairobi mwaka 1962. Mwaka 1970 kituo cha televisheni cha Sauti ya Kenya kilifunguliwa Mombasa, nacho kilipewa kazi mbili: kurusha upya vipindi vya Nairobi, na kutayarisha michezo, muziki na vipindi vya utamaduni vya mahali. Msomaji ataona kwamba kazi hizo mbili ndizo zile zile za kurudufu na kutunga, zimewekwa chini ya paa moja. Lakini hazikugawanywa kwa haki. Habari, hotuba na mijadala ya nchi ilirudufiwa kutoka Nairobi. Ngoma, nyimbo na vichekesho vilitungwa Mombasa. Mgawanyo huo ulidumu kuliko mitambo yenyewe. Sauti ya Kenya ikawa Shirika la Utangazaji la Kenya mwaka 1989, vituo vya binafsi vikaingia kuanzia 1990, na bado pwani iliendelea kutakiwa ilete burudani, huku maana ya mambo ikitolewa mji mkuu.

4. Jina lilitoka pwani

Ushahidi mmoja wa uwezo wa lahaja za pwani umo katika jina la chombo chenyewe. Neno "runinga" ni la Sheikh Ahmed Sheikh Nabhany, mwanachuoni na mshairi aliyezaliwa Lamu mwaka 1927, akaishi Mombasa, na kufariki mwaka 2017. Aliliunda kwa kuunganisha "rununu", yaani habari isikikayo kutoka mbali, na "maninga", yaani macho. Televisheni ni habari ya mbali inayoonekana kwa macho. Neno limebeba maana nzima bila ya kuazima. Vitabu vya shule na vyombo vya habari vya Kenya vililipokea, na Tanzania nayo ikawa na umbo lake, "luninga".

Hapa pana jambo la kutafakari. Msamiati wa washairi wa kaskazini mwa pwani uliweza kukipa jina chombo kipya kabisa cha karne, na jina hilo likakubaliwa na watangazaji wa nchi nzima. Lakini lahaja zilizotoa jina hazikupewa saa. Watangazaji walichukua neno wakaacha ulimi uliolizaa. Hali hii ndiyo ya pambo hasa: kitu huchukuliwa kwa uzuri wake, kikawekwa mahali ambapo hakiamui lolote.

Wala haiwezi kudaiwa kwamba Kimvita ni lugha ya mapambo kwa asili yake. Ahmad Nassir Juma Bhalo alichapisha Malenga wa Mvita mwaka 1971, na Abdilatif Abdalla akachapisha Sauti ya Dhiki mwaka 1973, baada ya kufungwa kwa sababu za kisiasa kuanzia 1969 hadi 1972. Ushairi wa diwani hiyo ya pili ulitungwa gerezani, kwa Kimvita. Lahaja iliyoweza kubeba kifungo, hoja na msimamo wa mtu aliyetengwa na wenziwe haiwezi kushindwa kubeba taarifa ya bei ya unga au mjadala wa bunge la kaunti.

5. Kihispania kilichofika bila ya Kihispania

Uhusiano wa Bofu na televisheni ya Kihispania si wa kufikirika tu. Kuanzia miaka ya 1990 vituo vya Kenya vilionyesha tamthilia za mfululizo kutoka Meksiko, Venezuela na nchi nyingine za lugha hiyo. The Rich Also Cry, iliyotengenezwa Meksiko mwaka 1979 kwa jina la Los ricos también lloran, na baadaye La Mujer de Mi Vida, ni miongoni mwa zilizotazamwa sana. Zilifika zikiwa zimetiwa sauti za Kiingereza. Midomo ilitamka lugha moja, masikio yakasikia nyingine, na mtazamaji wa Likoni akazielewa kwa ya tatu, akimsimulia jirani kwa Kiswahili yaliyopita jana.

Mhakiki wa lugha hana budi kuuliza kilichopotea katika safari hiyo. Kihispania kina namna mbili za kumwambia mtu "wewe", moja ya ukaribu na moja ya heshima. Katika tamthilia hizi, ambazo takriban zote husimulia mtumishi maskini na nyumba ya tajiri, mabadiliko kutoka namna moja hadi nyingine ni sehemu ya kitendo. Siku ambapo kijana wa nyumba kubwa anamwita yaya kwa namna ya ukaribu, mtazamaji wa Kihispania anajua kwamba mpaka umevukwa, hata kabla ya neno la mapenzi kutamkwa. Kiingereza cha leo kina "wewe" moja tu. Kiliutandaza mpaka huo ukawa uwanja, na mchezo ukapungukiwa na mshipa wake mmoja.

Kiswahili kingeweza kuurudisha mshipa huo. Hakina "wewe" mbili za aina hiyo, lakini kina bwana na bibi, mwanangu na mjukuu wangu, shikamoo na marahaba, na kina namna ya kuliacha jina la mtu lisitajwe kwa kumheshimu au kwa kumdharau. Lugha ambayo ingeifasiri tamthilia hiyo kwa ukamilifu zaidi ilikuwa imekaa mbele ya seti, ikisikiliza tafsiri iliyo pungufu. Na kazi hiyo haikuwa muhali: mwaka 2011 tamthilia ya Kichina juu ya maisha ya Doudou na mama wakwe zake ilitiwa sauti za Kiswahili na kuonyeshwa na televisheni ya taifa ya Tanzania, na baadaye vituo vya Tanzania vikaendelea kutia Kiswahili katika tamthilia za Kihindi na Kituruki. Kilichokosekana Kenya ni imani kwamba lugha hiyo inatosha kwa kazi hiyo.

Mombasa ilikuwa na mfano bora zaidi nyumbani kwake. Juma Bhalo, mwimbaji wa taarabu aliyezaliwa 1942 na kufariki 2014, alichukua tuni za filamu za Kihindi na kuzitia tungo za Kiswahili, zikiwemo za jamaa yake Ahmad Nassir. Tuni zilitoka Bombay, lakini vina, mizani na hoja vilibaki vya Mombasa. Msikilizaji aliyejua filamu aliitambua tuni. Aliyejua ushairi alilipima shairi kwa kanuni zake, na hakuna aliyemsamehe mtunzi kwa sababu ya utamu wa kinanda. Huko ndiko kuazima kwa mtu asiyeogopa lugha yake. Kwa kipimo hicho ndipo tamthilia za runinga za siku hizi zinapofaa kuhakikiwa.

6. Sultana na taarifa ya habari

Mwaka 2022 runinga ya Citizen ilianza kuonyesha Sultana, mfululizo uliotengenezwa na kampuni ya Jiffy Pictures ya Rashid Abdalla na Lulu Hassan. Mandhari yake ni ya pwani, waigizaji wake wengi ni wa pwani, na lugha yake ilisifiwa na watazamaji wa nchi nzima. Mhusika mkuu ni msichana kipofu. Wanaozifahamu tamthilia za Kihispania watakumbuka kwamba msichana kipofu ni mhusika wa kale katika fani hiyo: Delia Fiallo, mwandishi aliyetoka Kuba, alimweka katika Esmeralda, iliyoonyeshwa Venezuela mwaka 1970, na kisa hicho kikatengenezwa upya Meksiko mwaka 1997. Kufanana huko si kosa. Fani ya mfululizo ina akiba yake ya visa, kama vile ngano zilivyo na akiba yake, na mtunzi huhukumiwa kwa alivyokitumia alichokikuta.

Kwa upande wa lugha, mafanikio ya Sultana hayana budi kukiriwa. Wahusika hawazungumzi kama vitabu vya sarufi. Mama humkaripia mwana kwa mafumbo, wazee hujibizana kwa methali zilizokatwa nusu, na kimya hutumiwa inavyotumiwa barazani, yaani kama jibu. Baada ya miaka mingi ya vichekesho kama Vitimbi na Vioja Mahakamani, ambamo lafudhi ya mtu mara nyingi ilikuwa sehemu ya kichekesho chenyewe, kusikia lafudhi ya pwani ikibeba majonzi bila ya kuchekwa ni hatua kubwa. Katika jambo hili tamthilia hiyo imefuata nyayo za Juma Bhalo: kisa kina jamaa zake ng'ambo, ulimi ni wa nyumbani.

Lakini uhakiki usiishie hapo. Wenye kampuni hiyo ni pia wasomaji wa habari, ambao kuanzia 2018 walisoma kwa pamoja taarifa za Kiswahili katika runinga hiyo hiyo. Basi katika kituo kimoja, na kwa watu wale wale, palikuwa na lugha mbili. Katika mchezo ilisikika lugha ya pwani na mikunjo yake. Katika habari ya saa moja jioni kikasikika Kiswahili sanifu kilichonyooshwa, kisha saa tatu usiku habari zikarudiwa kwa Kiingereza, na hapo ndipo palipodhaniwa kuwa uzito wa siku umewekwa. Hakuna anayewalaumu wasomaji; hiyo ndiyo kanuni ya kazi yao, nao wameitimiza kwa ufasaha. Kinachohakikiwa ni kanuni yenyewe. Inamfundisha mtoto wa Bofu kwamba lugha ya bibi yake inafaa kwa machozi ya kuigiza, na kwamba mambo ya kweli yana lugha nyingine.

Mfano wa ardhi utalidhihirisha jambo hili. Kwa miaka mingi suala kubwa la Likoni lilikuwa shamba la Waitiki, la ekari 930, ambalo maelfu ya watu waliishi bila ya hati. Mwezi wa Januari 2016 hatimiliki zilianza kutolewa. Katika suala kama hilo maneno ni mali. Mkazi anayesema "hapa ni petu" anadai jambo ambalo neno "skwota" limekwisha kulikataa kabla hajamaliza sentensi yake. Lakini taratibu ya habari za runinga humpa mkazi sekunde chache za kushuhudia, tena baada ya yeye mwenyewe kujisahihisha: mzee anayesema nti, ndia na kitwa barazani hujikuta akisema nchi, njia na kichwa mbele ya maikrofoni. Kisha sauti ya ripota humfasiri, na mtaalamu aliyeketi studio ya Nairobi hutoa hukumu. Mwenye kisa amekuwa mfano katika kisa chake.

Hiyo ndiyo hasara iliyopo, nayo ni kubwa kuliko ladha ya lafudhi. Lugha isiyotumiwa kubishania ardhi, kodi, shule na kivuko hukosa kukua katika mambo hayo. Baada ya kizazi kimoja wasemaji wake watadai kwamba haina maneno, na watakuwa wanasema kweli.

7. Hoja za upande wa pili

Hoja ya kwanza inayoweza kutolewa ni kwamba Bofu haina lahaja moja. Kituo kikisema Kimvita, Mdigo atauliza Chidigo kiko wapi, na mtu aliyetoka bara aliyezaa watoto Likoni atauliza kama yeye ni mgeni. Historia ya mgogoro wa Likoni wa Agosti 1997, ambapo watu waliuawa na kufukuzwa kwa sababu ya asili yao, inalifanya swali hili kuwa zito, na yeyote anayelipuuza hastahili kusikilizwa. Ila jibu la kuchuja lugha mpaka isiwe ya mtu yeyote limekwisha jaribiwa na mitandao ya Kihispania, na matunda yake yameonekana. Njia nyingine ni kumwacha kila mtu aseme kwa ulimi wake juu ya jambo linalowahusu wote. Kwenye feri Mdigo, Mswahili na Mkamba huelewana bila ya mkalimani. Kituo kinachosikika kama foleni ya feri hakimtengi mtu. Kinachomtenga ni kile kinachomtaka kila mmoja aache kinywa chake mlangoni.

Hoja ya pili ni ya gharama na ufundi. Tangu mitambo ya zamani ya analojia ilipozimwa mwaka 2015, kituo cha Kenya hakirushi mawimbi yake chenyewe. Hulipia nafasi katika mitambo ya wasambazaji wachache waliopewa leseni. Mageuzi hayo yaliongeza idadi ya chaneli, na chaneli za lugha nyingine za Kenya zikapatikana, kama Inooro ya Kikikuyu iliyoanza mwaka huo huo. Lakini kwa kituo cha mtaa mageuzi yalikuwa na upande wa pili: anayetaka kuwafikia watu wa ng'ambo moja ya kivuko hulazimika kununua nafasi iliyokatwa kwa kipimo cha eneo kubwa zaidi. Mlingoti mfupi wa bei nafuu, ambao huko Marekani ulimpa mtu mdogo nafasi, umeondoka katika hesabu. Hii ni hoja ya kweli. Inaonyesha kwamba sera ya mawimbi ni sera ya lugha, hata kama waliyoiandika hawakuitaja lugha. Katiba ya Kenya ya 2010, katika kifungu cha 7, inaitaka dola iendeleze na kulinda lugha mbalimbali za wananchi. Ni haki kuuliza kama ulinzi huo unaishia kwenye karatasi au unafika kwenye bei ya mawimbi.

Hoja ya tatu ni kwamba simu na mtandao zimelimaliza suala hili, kwa kuwa kijana yeyote wa Bofu anaweza kujirekodi na kujitangaza. Uhuru huo ni neema. Lakini kusema si sawa na kutangaza. Kituo kina saa, kina wajibu wa kurudi kesho, na kina mhariri anayeweza kuulizwa. Mtu anayejirekodi leo juu ya maji yaliyokatika halazimiki kueleza kesho kama yalirudi. Wajibu huo ndio unaoilazimisha lugha kutafuta maneno kamili, na ndio uliozifanya lugha za magazeti na redio kukomaa.

8. Hitimisho

Imeonyeshwa kwamba swali la runinga ya wenyeji halijibiwi kwa kutaja mahali mtambo ulipo, wala kwa kutaja lugha iliyoandikwa katika leseni. Vituo vya Kihispania vya nguvu ndogo vilikuwa karibu na watu wao, na vingi vikaishia kurudufu sauti ya mbali. Kituo cha Mombasa cha 1970 kilikuwa na kazi zote mbili, lakini utungaji ukaachiwa burudani. Tamthilia kama Sultana zimethibitisha kwamba lugha ya pwani inapendwa na nchi nzima; bado haijathibitishwa kwamba inaaminiwa.

Basi mhakiki anapokabiliwa na kituo kinachojiita cha wenyeji, na aulize mambo matatu. Kwanza, ni mambo gani yanayosemwa humo kwa lugha ya watu wa hapo, na ni yapi yanayosemwa kwa lugha nyingine? Pili, mwenyeji anapotokea, anamaliza hoja yake au anakatizwa baada ya kushuhudia? Tatu, ni maneno gani mapya ambayo kituo kimeyazaa au kuyarudisha katika matumizi, kama Sheikh Nabhany alivyofanya kwa jina la chombo?

Maswali hayo hayahitaji fedha nyingi kuyajibu. Idara za lugha zinaweza kuanza kwa kurekodi juma moja la matangazo yanayopokewa Likoni, kunukuu kila kauli ya mkazi wa mahali, na kuzipanga kauli hizo kulingana na jambo lililokuwa likizungumzwa na muda uliotolewa. Kando yake zirekodiwe baraza chache za Bofu na Mtongwe juu ya mambo hayo hayo. Tofauti ya vitabu hivyo viwili, cha runinga na cha baraza, itakuwa ndiyo kipimo cha kazi ambayo lugha ya wenyeji imenyimwa, na itawapa watunga sera ya mawimbi kitu kilicho kizito kuliko malalamiko.